Siku Tuliyoliacha Gari Baharini

Mume wangu aliacha kuendesha gari siku alipomgonga mbuzi mchana kweupe, pale Zinga, karibu na nyumbani kwetu. Mbuzi alikuwa mweupe, barabara ilikuwa tupu na jua lilikuwa kali. Mimi nilikaa kando yake. Nilimwona yule mbuzi tangu mbali, nikangoja mume wangu apunguze mwendo, nikaona hapunguzi, na nilipopiga kelele tulikuwa tumeshampitia. Alisimamisha gari, akazima injini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimegonga nini?"

Hapo ndipo nilipojua.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi, akiichukulia kama mgeni msumbufu ambaye ipo siku ataondoka mwenyewe. Hospitali walituambia mishipa ya nyuma ya macho imeshaharibika, na kwamba tungewahi wangeweza kufanya jambo. Kwa muda aliendelea kuona vivuli. Kisha ikaja masika, na ilipokatika hata vivuli vilikuwa vimekwisha.

Alikuwa dereva tangu ujana wake. Alifanya kazi na mradi wa visima, akipeleka mafundi na mabomba vijiji vya ndani, na palipokuwa na njia ambayo madereva wengine waliikimbia, aliitwa yeye. Alipostaafu, mradi uliuza magari yake ya zamani naye akachukua moja, refu, la kijivu, lenye usukani upande wa kushoto, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa gari hilo tulikuwa tukienda shambani kwetu Kiwangwa, kwenye mananasi na mikorosho michache aliyoachiwa na baba yake. Njia ya kuingia shambani inapita bondeni, penye udongo mweusi unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Yeye alipita pale ameshika usukani kwa mkono mmoja, huku akizungumza. Sikuwahi kuangalia anafanya nini. Mimi nilikuwa nikitazama dirishani.

Macho yalipokwenda, gari lilikaa uani chini ya turubai. Kila asubuhi alitoka akalizunguka kwa kulipapasa, akaliwasha, akalisikiliza likiunguruma, akalizima. Shambani magugu yalipanda. Jirani wa kule alipiga simu kusema mananasi yanaiva na kuoza pale pale. Ndipo nikaamua kujifunza kuendesha, nikiwa nimeshavuka hamsini. Nilijifunza Bagamoyo mjini kwa gari dogo, nikapata leseni, na safari yangu ya kwanza ya Kiwangwa na lile gari kubwa nilinasa bondeni hata kabla ya kuliona shamba. Trekta la watu lilikuja kututoa. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha abiria, uso ameuelekeza mbele. Mwenye trekta alimfahamu tangu enzi za mradi, na alimsalimia kwa huruma, na ingekuwa heri angemtukana.

Binti yetu, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyesikia habari za siku ya mafunzo. Kuna kikundi cha wapenda magari kule mjini ambacho huandaa safari za kupita porini na kwenye njia mbovu, na mara moja moja hutenga siku kwa ajili ya wanaoanza. Safari hii walikuwa wanakuja upande wetu, kwenye njia za mchanga na mashamba ya chumvi yaliyoachwa, kati ya Zinga na Mbegani. Binti akaniandikisha. Nilipomwambia baba yake alicheka cheko fupi lisilo na furaha, akauliza watoto wa mjini watamfundisha nani kupita kwenye tope. Nikamwambia watanifundisha mimi. Jioni akasema naye atakwenda.

Sikutaka aende. Sikumwambia.

Tulifika mapema. Magari yalikuwa yamepangwa chini ya minazi, mengine mapya kiasi kwamba viti vilikuwa bado na nailoni zake. Kiongozi wa siku ile alikuwa kijana mpole mwenye kofia pana iliyopauka. Alikuja mpaka kwenye gari letu, akatuamkia kwa heshima, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," akanyoosha mkono. Mkono wa mume wangu haukunyanyuka. Aliitikia marahaba huku ameelekea pembeni kidogo ya pale aliposimama kijana. Niliona jinsi kijana alivyoelewa, na jinsi mkono wake ulivyorudi taratibu. Akaniuliza mimi kama mzee angependa kukaa kivulini pamoja na wale waliokuja kutazama.

Mume wangu alimjibu mwenyewe kwamba yeye hakuja kutazama.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulifundishwa kutoa upepo kwenye matairi ili yapanuke na yasichimbe mchanga. Tulifundishwa kutumia gia ile ndogo ya nguvu, na kuliacha gari litambae lenyewe badala ya kulipiga mafuta. Kisha kiongozi akatufundisha ishara za mikono. Viganja vikikuita, njoo. Kidole kikielekea upande, kata upande huo. Ngumi ikifungwa, simama. Alilirudia lile la ngumi. Alisema mtu aliye nje anayaona matairi na wewe uliye ndani huyaoni, kwa hiyo ngumi ikifungwa unasimama kwanza, maswali baadaye. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa. Ishara zenyewe zilifananaje hakuna aliyemweleza, wala mimi sikukumbuka kumweleza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanda tuta la mchanga. Kiongozi alitembea kando ya dirisha langu akisema gia ya kwanza, taratibu. Mume wangu, kutoka upande wa pili, akasema ya pili. Nikaweka ya kwanza, nikaitoa, nikaweka ya pili, gari likazima na kurudi nyuma kwa mtikisiko. Likawashwa tena, yakarudi yale yale. Kiongozi akazunguka upande wa abiria akashika mlango.

"Mzee, samahani sana," alisema. "Ndani ya gari sauti iwe moja. Mama akisikia mbili atachanganyikiwa."

"Sawa, mwalimu," alisema mume wangu, na hilo neno mwalimu alilitoa kama mtu anayetema kokwa.

Nilipanda lile tuta. Nilipofika juu niliiona bahari yote mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kushika usukani nilihisi gari linanisikiliza. Nilimgeukia nikiwa nimetabasamu, kana kwamba angeliona tabasamu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, akisikiliza injini ikipumua.

"Umechelewa kubadilisha," alisema. Basi.

Mchana tulipewa pilau. Nilimpeleka nyuma ya gari nikamchoma sindano yake ya sukari, kisha nikamkalisha juu ya tairi la spea, sahani mapajani. Upande wa pili wa gari walikuja kusimama wanaume wawili waliokuwa wanajifunza pamoja nasi. Hawakujua kwamba tupo. Mmoja alimwuliza mwenzake yule mama amemleta kipofu kwenye mafunzo ya kuendesha ili iweje. Mwenzake akasema labda ndiye atakayeendesha kurudi. Walicheka kidogo, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakiwa wameshiba, wakaondoka.

Mume wangu aliacha kutafuna. Aliiweka sahani chini, pilau ikiwa haijafika hata nusu. Nilimsihi ale, kwa sababu ukishachoma sindano lazima ule, akakataa. Nikampa ndizi, akaishika mkononi bila kuimenya. Kisha akaniuliza baada ya chakula kuna kazi gani.

Nilimwambia tutavuka mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Akauliza ni upande gani, mikoko iko wapi, yale mashamba ya chumvi yako wapi. Nilimweleza nilivyoweza. Uso wake ukabadilika. Alisema anapajua pale. Enzi za mradi aliwahi kupavuka na shehena ya mabomba, na upande wa kulia chini kuna changarawe, pagumu kama barabara, wakati kushoto ni tope tupu. Alisema hivyo mara mbili. Kisha akaimenya ile ndizi akaila, nami nikafurahi kwamba amekula.

Siku ile ilikuwa ya bamvua. Sisi watu wa pwani tunajua bamvua likoje: maji yanakwenda mbali sana, mpaka unaona ardhi ambayo siku nyingine huioni, na yakirudi yanarudi kwa kasi. Kiongozi naye alilijua hilo na alilisema wazi. Alikuwa amepavuka kwa miguu asubuhi, akachomeka fito zenye vitambaa vyekundu kuonyesha njia, na akataka magari yote yawe ng'ambo mapema kabla maji hayajageuka. Magari yalivuka moja moja, polepole, bila shida. Hata wale wawili waliocheka mchana walivuka. Sisi tulikuwa wa mwisho.

Niliingia kati ya vitambaa. Kiongozi alikuwa mbele yangu, akirudi kinyumenyume, viganja vyake vikiniita. Tope lilikuwa linashika matairi na kuyaachia kwa sauti ya kunyonya. Nilikuwa nimefika katikati nilipohisi nyuma kunalegea. Injini ilipanda sauti lakini gari halikusogea. Nikaona ngumi ya kiongozi ikifungwa.

Mume wangu hakuiona ngumi. Yeye alisikia matairi yanazunguka bure, na hiyo ni sauti aliyoijua maisha yake yote.

"Usiachie," alisema. "Kanyaga. Kata kulia, kulia pagumu. Kata, nakwambia!"

Nilikuwa nimeishi na sauti ile miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu. Mguu wangu ulikanyaga kabla sijaamua lolote. Nikakata kulia, tukatoka nje ya vitambaa, gari likaruka mara moja mbele kwa nguvu, na kwa sekunde ile nilidhani kweli tumepata changarawe. Kisha upande wa kulia ukashuka. Ulishuka tu, kama mtu anayekaa kitini, tope likapanda mpaka kwenye mlango wake, na gari likalala kwa ubavu kidogo na kutulia.

Kama changarawe iliwahi kuwapo pale, bahari ilikuwa imeshaichukua au kuifunika zamani. Mikono ya bahari haikai mahali pamoja. Hilo na yeye alilijua.

Kiongozi hakutugombeza. Alikuja akachungulia chini ya gari, akainuka, akawaita wenzake kwa redio ya mkononi. Walifunga kamba kwenye gari lililokuwa ng'ambo wakavuta. Lile gari lenyewe likaanza kuchimba, ikabidi liache kuvuta, litolewe lenyewe kwanza. Walileta mbao, wakachimba kwa chepe mbele ya matairi, na kila walipotoa tope shimo lilijaa maji. Mmoja wa wale waliocheka mchana alikuwa amevua shati na kupiga magoti kwenye tope mpaka kiunoni, akichimba kwa mikono, na alifanya kazi kuliko wote. Mmoja wao alitaka kufunga waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia iliyo mbele ya gari, kwenye mkoko mkubwa. Walijaribu. Mkoko uling'oka na mizizi yake yote ukaja unaburutwa kwenye tope, ukiwa na majani mabichi.

Wakati huo niliona maji. Hayakuja kama wimbi. Yalikuja kwa vijia vidogo, kila kijia kikitafuta njia yake kati ya mashimo ya kaa, na kila nilipotazama vijia vilikuwa vimeungana.

Kiongozi alituambia tushuke. Alisema gari tutaliacha, maji yakitoka kesho litavutwa. Mimi nilishuka upande wangu. Mume wangu hakusogea. Mlango wake ulikuwa umebanwa na tope, ilibidi atokee upande wa dereva, naye alikuwa amekaa ameushika mkanda wa kiti kifuani kwa mikono miwili. Nilimwambia maji yanajaa. Akasema anayasikia. Kiongozi akamsihi, akamwita mzee, akamwita baba, akasema yuko tayari kumbeba mgongoni mpaka nchi kavu. Akazidi kuukaza mkanda. Nikamwomba kiongozi atupishe kidogo, nikaingia tena ndani, nikakaa kwenye kiti cha dereva. Maji yalikuwa yameshaanza kupita kwenye sakafu upande wake, yakiinua kipande cha zulia.

"Nikishuka humu ndiyo basi," alisema. "Sitakuwa na kitu tena."

Nilitafuta la kumwambia. Ningeweza kumtajia watoto, au shamba, au mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Ukikaa, nakaa. Mimi kuogelea sijui."

Aliuachia mkanda. Kisha akanyoosha mkono, akautafuta mti wa gia, akahakikisha uko huru. Akaupeleka mkono kwenye swichi, akazima injini iliyokuwa bado inaunguruma bure, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Alifanya yote hayo bila kukosea, kwa utaratibu, kama mtu anayeegesha nyumbani. Akasema, "Haya."

Kubebwa alikataa. Alitembea ameweka mkono begani kwangu, maji magotini, akizama na kujitoa. Malapa yake yalibaki kwenye tope hatua za mwanzo tu. Karibu na mikoko alijikwaa akaanguka kwa mikono, akainuka kabla sijamshika, tukaendelea. Pale chini ya mikoko kuna chaza, wakali kama wembe, wamejishika kwenye mizizi. Mimi nilikuwa na viatu. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kufa ganzi kwa ule ugonjwa, na nilijua hilo, lakini wakati ule nilichokuwa ninafikiria ni kufika nchi kavu tu.

Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki kwenye mchanga mkavu, mtu akamfunika kikoi. Watu walisimama kando. Hakuna aliyepiga picha. Aliniuliza maji yamefika wapi. Nikamwambia kwenye magurudumu. Baada ya muda akauliza tena, nikamwambia kwenye taa. Niliwaza kumdanganya, kisha nikaona sina haki hiyo. Nikamwambia kwenye vioo. Nikamwambia sasa linaonekana paa tu, na juu ya paa amekaa ndege. Akauliza ndege gani. Nikamwambia yangeyange. Hakuuliza tena.

Walitufikisha nyumbani jioni kwa gari la kiongozi. Mume wangu alikwenda bafuni mwenyewe, akajifungia. Nilibisha hodi nimsaidie kutoa tope, akasema mikono anayo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apofuke kukataa nimwogeshe, na nilimwachia, nikidhani ninamwachia heshima yake.

Siku chache baadaye nilikuta doa kwenye shuka, upande wa miguuni. Nilimgeuza unyayo. Palikuwa na mchano mrefu, midomo yake imekuwa myeusi, na harufu ilikuwa imeshaanza. Nilimwuliza kama hakusikia maumivu. Alisema hakusikia kitu. Nilimwamini wakati ule, na sasa sijui.

Sitaeleza yote ya hospitali. Walianza na kidole, wakasema labda itatosha. Haikutosha. Mwishowe, Muhimbili, walimkata mguu chini ya goti. Binti yetu alikuwa akija kila jioni baada ya kazi na chakula cha moto, analia kwenye korido, anajifuta, anaingia akiwa anacheka. Alijilaumu kwa kuniandikisha. Nilimkataza kulisema hilo mbele ya baba yake. Baba yake alikuwa akilala ameelekea ukutani, na madaktari wakimsemesha aliitikia kwa adabu, "Naam, daktari," na hakuuliza swali hata moja.

Gari lilivutwa na trekta maji yalipokupwa. Chumvi ilikuwa imeingia kila mahali. Fundi wa Bagamoyo alilifungua, akatuita, akatuonyesha, yaani alinionyesha mimi, kutu iliyokuwa imeanza ndani ya injini kama unga wa manjano. Tuliliuza kwa wanaonunua vyuma. Walipokuja kulichukua mume wangu alikuwa bado hospitali. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na nilipomweleza alisema vizuri, uwanja utapumua.

Kiongozi wa siku ile alikuja kututembelea baada ya mume wangu kurudishwa nyumbani. Alikuja na maparachichi na uso wa mtu aliyefiwa. Tulimkaribisha barazani, nikaleta chai. Walizungumza habari za matairi, habari za njia za huko ndani ambazo sasa zimewekwa lami. Mume wangu alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa miezi mingi, mpaka nikaanza kustarehe. Ndipo akauliza.

"Siku ile, wakati gari limeanza kuteleza, ulikuwa unamwonyesha nini mama?"

Kijana alinitazama. Mimi nilitazama vikombe.

"Nilikuwa namwambia aje, mzee," alisema. "Nilichelewa kumsimamisha. Kosa langu."

Mume wangu alitikisa kichwa polepole. "Muongo wewe," alisema, bila hasira. "Nilisikia viatu vyako vimesimama kwenye tope. Mtu anayemwita mwenzake si anarudi nyuma? Ulisimama. Ulikuwa umemsimamisha." Akanyoosha mkono hewani, kijana akaudaka akaushika. "Mimi ndiye niliyemkanyagisha mafuta. Usiwe unatembea na mzigo wangu."

Nilisubiri aseme neno kwangu. Hakusema siku ile, wala hajasema mpaka leo. Aliomba chai iongezwe. Kijana alipoaga nilimsindikiza mpaka barabarani, na njiani akaniambia wataandaa siku nyingine ya wanaoanza, gari la kujifunzia nitapewa, nisiogope gharama. Nilimshukuru. Alijua kwa jinsi nilivyomshukuru kwamba sitakwenda.

Siku hizi nakwenda Kiwangwa peke yangu, nyuma ya pikipiki. Bondeni dereva ananiomba nishuke, navua viatu, napandisha kanga na kupita kwa miguu, nikitafuta palipo pagumu. Shamba limepungua. Sehemu kubwa tumemwachia mdogo wa mume wangu alime, anatupa kinachopatikana. Nikirudi mume wangu huwa barazani, gongo lake la kutembelea limeegemezwa ukutani, redio imepunguzwa sauti kwa sababu amesikia hatua zangu. Ananiuliza njia ikoje. Namweleza yote: wapi maji yamekata, wapi lori limeacha makorongo, wapi watu wamemwaga mawe. Anasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha ananiambia safari ijayo nipite upande gani, na mimi namwambia sawa, nitapita huko.